Msesewe: Mti wa Magome Machungu

Msesewe ni mti wa asili wa Afrika unaoota kando ya mito, kwenye chemchemi na katika mabonde yenye unyevu. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kuanzia Machame na Kibosho kupitia Uru, Old Moshi, Kirua na Marangu hadi Rombo, umaarufu wake umo kwenye magome. Wachagga huyatumia kuipa mbege, pombe yao ya ndizi, uchungu wake, na huyachemsha kama dawa ya homa, maumivu ya tumbo na minyoo. Kitaalamu mti huu huitwa Rauvolfia caffra. Umo katika familia ya Apocynaceae, yenye mimea mingi ya utomvu mweupe na, kwa bahati mbaya, yenye sumu nyingi vilevile. Jina Rauvolfia linatokana na Leonhard Rauwolf, tabibu na mchunguzi wa mimea wa Ujerumani aliyezunguka nchi za Mashariki ya Kati kati ya mwaka 1573 na 1576. Msesewe wenyewe hakuuona.

Makala haya yanaueleza mti huo kwa yule anayetaka kuutambua, kuutumia, kuvuna magome yake au kuupanda. Ni mti wenye dawa ya kweli ndani yake, na hiyo ndiyo sababu ya kuutumia kwa hadhari kubwa kuliko mitishamba mingi ya nyumbani.

Kwa kawaida msesewe hufikia urefu wa mita 15 hadi 20, na penye maji tele huweza kupita mita 30. Shina husimama wima, na matawi hutanda juu yakitengeneza kivuli kizuri cha duara. Gome ni la kijivu au la kahawia iliyofifia, laini kidogo kwa kuguswa, na kwenye miti mikubwa hupasuka vipande vidogo vyenye pembe. Likichanjwa kwa kisu, hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Mbao zake ni nyeupe zinazoelekea manjano, nyepesi na rahisi kuchonga. Zimetumika kwa mizinga ya nyuki, masanduku na vyombo vya nyumbani, lakini hazidumu: wadudu huziingia mapema, na fundi anayejua kazi yake hatazitumia kwa paa wala nguzo.

Alama ya uhakika zaidi ni mpangilio wa majani. Hayatoki moja moja wala mawili mawili, bali matatu hadi sita mahali pamoja, yakikizunguka kijiti kama njiti za mwavuli. Jani ni refu na jembamba, limechongoka ncha, linang'aa upande wa juu, na mshipa wake wa kati ni mpana na mweupe. Lililokomaa huweza kuzidi sentimita 20. Kwa mbali huonekana kama jani la mwembe, na wengi hukosea hapo. Majani ya mwembe hutoka moja moja na yakipondwa hutoa harufu kali ya embe. Ya msesewe hayana harufu hiyo, na yakikatwa hutoa utomvu mweupe. Mikuyu nayo ina utomvu mweupe, lakini majani yake hayapangwi kwa mzunguko. Kwa hiyo utomvu peke yake hautoshi kuutambua mti. Utomvu na mzunguko wa majani vikikutana, shaka hupungua sana.

Maua ni madogo, meupe, yenye harufu nzuri, na hujikusanya kwenye ncha za matawi. Matunda ni ya mviringo, makubwa kidogo kuliko punje ya njegere, ya kijani yenye madoa meupe, na yakiiva huwa meusi na kujikunja ngozi. Ndani mna kokwa moja au mbili. Ndege na nyani huyala, na ndio wanaousambaza mti kando ya mito. Mtu asiyale: tumbo la ndege si kipimo cha usalama wa binadamu.

Eneo la msesewe si Kilimanjaro pekee. Mti huu hupatikana Kenya, Uganda na Kongo, na kusini hufika hadi Afrika Kusini, ambako ndiko ulikokusanywa kabla ya kupewa jina la kisayansi katikati ya karne ya 19. Popote ulipo, hufuata maji. Huko kusini wakulima wanauhesabu miongoni mwa miti inayoonyesha kuwa maji ya ardhini hayako mbali. Mlimani Kilimanjaro, pa kuutafuta ni kwenye makorongo ya mito kama Karanga, Weruweru na Rau, kandokando ya mifongo, yaani mifereji ya jadi ya maji, na ndani ya vihamba vilivyopakana na maji. Kihamba cha Mchagga, chenye migomba, kahawa, mringaringa, mruka na masale ya mpakani, kimeihifadhi miti mingi ya aina hii kwa sababu kila mmoja ulikuwa na kazi yake. Mfumo huo wa kilimo katika kijiji cha Shimbwe Juu, juu ya mji wa Moshi, umetambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Kazi ya msesewe ndani ya mfumo huo ilikuwa mbege kwanza, dawa baadaye.

Mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu zinazochemshwa kwa muda mrefu na kuachwa zichachuke kwa siku kadhaa. Majimaji yake huchujwa, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Magome ya msesewe hukaushwa, hupondwa, na maji yake hutiwa kwa kiasi kidogo, kila mpishi kwa mkono wake. Kazi yake kubwa ni kuleta uchungu unaopunguza utamu wa ndizi, na wapishi wengi husema husaidia pia uchachukaji na kuizuia mbege isiharibike upesi. Yakizidi, mbege hainyweki. Wanywaji huirudisha kata na mpishi hupata aibu. Katika pombe, basi, uchungu ni kinga: ulimi hukataa kabla kiasi hakijawa cha hatari. Dawa ya kunywa haina kinga hiyo. Mgonjwa huja akiwa amejiandaa kuumeza uchungu, na mara nyingi huamini kwamba kadiri dawa inavyokuwa chungu ndivyo inavyokuwa bora.

Imani hiyo ndiyo iliyoupa mti huu sifa ya kuwa mti wa kwinini, na hapo pana kosa linalofaa kusahihishwa. Kwinini hutoka kwenye magome ya msinkona, mti wa Amerika Kusini wa familia nyingine kabisa, ambao Wajerumani waliwahi kuupanda Amani, katika milima ya Usambara. Msesewe hauna kwinini. Uchungu wake unatokana na kemikali za kundi la alkaloidi, na ingawa dondoo za magome zimeonyesha uwezo fulani dhidi ya vimelea vya malaria katika maabara, maabara si mwili wa mtu. Hakuna kipimo cha chai ya msesewe kilichothibitishwa kuponya malaria.

Katika tiba za jadi, magome na mizizi ya msesewe yametumika kwa maradhi mengi. Afrika Mashariki huchemshwa kwa homa, tumbo, minyoo, uvimbe wa mwili na maumivu ya viungo. Afrika Kusini maji ya magome yametumika kuoshea ngozi yenye upele au muwasho, na pia kumtuliza mtu aliyekosa usingizi au aliyepatwa na mshtuko wa akili. Matumizi hayo ya mwisho yanastahili kuangaliwa kuliko yote, kwa sababu yanalingana na kile ambacho kemia imekithibitisha.

Ndugu wa msesewe huko India, sarpagandha, ametumika kwa karne nyingi kwa wagonjwa wa akili na walioumwa na nyoka. Mwaka 1931 mkemia Salimuzzaman Siddiqui alitenga kutoka kwenye mizizi yake kemikali aliyoiita ajmalini, kwa heshima ya tabibu Hakim Ajmal Khan. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba mjini Basel, Uswisi, walitenga nyingine, reserpini. Hiyo ikawa miongoni mwa dawa za kwanza za kisasa za kushusha shinikizo la damu na kuwatuliza wagonjwa wa akili. Baadaye matumizi yake yalipungua, kwa kuwa zilipatikana dawa nyingine na pia kwa sababu baadhi ya wagonjwa walipatwa na huzuni nzito. Ajmalini nayo huathiri mapigo ya moyo, na madaktari wa moyo wameitumia kwa uangalizi wa karibu.

Alkaloidi za kundi hilohilo zimo ndani ya msesewe. Reserpini yake ni kidogo ikilinganishwa na ya ndugu zake, na ndiyo maana viwanda viliupita na kuchukua malighafi kutoka sarpagandha na Rauvolfia vomitoria ya Afrika ya Magharibi na Kati. Lakini kidogo si sifuri. Kiasi hutofautiana kati ya mti na mti, kati ya gome la shina na la mzizi, hata kati ya majira. Vikombe viwili vya dawa iliyochemshwa kwa mkono uleule vinaweza kutofautiana nguvu, na mgonjwa hawezi kujua kwa kuonja.

Kutokana na hayo, yako mambo ambayo mtumiaji hapaswi kuyachukulia kuwa ni woga wa watu wa hospitali. Anayemeza vidonge vya shinikizo la damu, vya moyo, vya usingizi au vya maradhi ya akili asinywe msesewe, kwa kuwa nguvu mbili za mwelekeo mmoja hujumlishana: presha hushuka kupita kiasi, mapigo huwa ya polepole, na mtu huanguka anaposimama. Mjamzito na mama anayenyonyesha asiunywe kabisa. Mtoto mdogo vivyo hivyo. Mwenye vidonda vya tumbo asiunywe pia, kwani reserpini huongeza asidi tumboni, na mwenye historia ya sonona yumo hatarini kwa sababu iliyokwisha elezwa. Kuunywa pamoja na pombe kali ni kuuongezea mwili usingizi juu ya usingizi.

Mtu anayesubiri kufanyiwa upasuaji, awe katika hospitali ya KCMC, ya Mawenzi au nyingine yoyote, anapaswa kumweleza daktari kila dawa ya miti aliyoinywa katika wiki zilizotangulia. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kukemewa. Ukimya huo ni hatari kuliko kukemewa kwenyewe, kwa sababu dawa za nusukaputi hushusha presha, na daktari asiyejua kuna nini kingine mwilini hufanya kazi gizani.

Kuhusu homa, ushauri ni mfupi zaidi. Kadiri mtu anavyopanda mlima kutoka tambarare, malaria hupungua. Homa ya mkazi wa Kibosho juu yaweza kuwa nimonia, homa ya matumbo au maambukizi ya njia ya mkojo, ilhali mkazi wa mashamba ya mpunga ya Moshi chini yumo katika hatari kubwa zaidi ya malaria. Kipimo cha haraka cha damu hutoa jibu kwa dakika chache, na Tanzania ilikwisha kuchagua dawa mseto ya ALu kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali mwaka 2006. Kumnywesha mtoto mwenye homa magome siku mbili tatu kwanza ili kuona kama itashuka ni kuzitupa siku ambazo tiba huwa rahisi.

Je, nini kinabaki kwa tiba asili? Kuoshea ngozi yenye muwasho kwa maji ya magome yaliyopozwa ni matumizi ambayo hatari yake ni ndogo kuliko kunywa, mradi hakuna vidonda vibichi na utomvu hauingii machoni. Kwa ya kunywa, mahali pa kwenda ni kwa mganga aliyesajiliwa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kuwasajili waganga hao, na mwenye haki ya kutoa tiba ana cheti cha kuonyesha. Mganga anayejua kazi yake huuliza kwanza mgonjwa anatumia dawa gani nyingine. Asiyeuliza, au anayesema dawa yake haina madhara yoyote, amejieleza mwenyewe. Mtu aliyekunywa na kupatwa na kizunguzungu, usingizi usio wa kawaida, kutapika au mapigo hafifu apelekwe hospitali mara moja, na kipande cha gome kiende naye.

Gome la kununua sokoni lina tatizo jingine: likishakauka na kukatwa vipande, hufanana na mengine mengi. Mlimani kuna mkondekonde, Prunus africana, mti mwingine wa magome maarufu, ambao unatambulika kwa majani yenye kingo za meno na harufu ya lozi chungu yakipondwa. Dawa yake ni nyingine na sumu yake ni nyingine. Haifai kununua kwa muuzaji asiyeweza kueleza gome limetoka kwenye mti gani na kijiji gani.

Mkondekonde huohuo ni onyo kwa wavunaji. Baada ya Ulaya kuanza kutumia magome yake kwa tatizo la tezi dume katika miaka ya 1960, miti mingi ilivuliwa magome hadi kufa, hasa Kameruni na Madagaska, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti chini ya mkataba wa CITES. Msesewe haujafika huko, na ukuaji wake wa haraka unausaidia, ila miti iliyomo katika vihamba hukatwa kwa mapanga bila mpango.

Uvunaji salama unaanza kwa kuelewa gome ni nini. Chakula kinachotengenezwa na majani huteremka kwenda kwenye mizizi kupitia tabaka la ndani la gome. Gome likivuliwa kulizunguka shina lote, mizizi hufa njaa, na mti wote hufuata hata kama majani yamebaki ya kijani kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo huvunwa vipande virefu vya wima, si vya kuzunguka, vikitolewa pande mbili zinazotazamana za shina, na kila kipande kisizidi robo ya mzingo. Kanuni hiyo ndiyo iliyopendekezwa kwa mkondekonde huko Kameruni, na inafaa hapa. Kisu kisifike kwenye mbao. Utando mwembamba wenye unyevu unaobaki juu yake ndio utakaootesha gome jipya. Sehemu zilizobaki zisiguswe mpaka jeraha la kwanza lizibe. Anayehitaji gome kidogo la mbege atatosheka na tawi lililokwisha anguka au lililopogolewa, na shina libaki salama. Mizizi iachwe: kuichimba kando ya mto kunaua mti na kubomoa kingo kwa pamoja, na ndiyo yenye kemikali kali zaidi.

Mahali pa kuvuna napo pana sheria. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi wa Kilimanjaro uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa, na kuvua magome humo ni kosa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kibinadamu zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, yaani palepale msesewe unapopenda kuota. Njia iliyo wazi kwa mwenye kihamba ni kupanda wake mwenyewe.

Upandaji si mgumu. Matunda meusi yaliyoanguka huokotwa, nyama yake husuguliwa na kuoshwa, na kokwa husiwa mapema zikiwa bado mbichi, kwenye viriba vyenye udongo wa msitu na mbolea iliyooza, chini ya kivuli chepesi. Njia ya mkato ni kung'oa miche iliyojiotea chini ya mti mkubwa baada ya mvua na kuitunza kwenye viriba hadi ipate nguvu. Huhamishiwa shambani masika yanapoanza, Machi au Aprili, kwenye bonde, ukingo wa mfongo au sehemu ya kihamba inayobaki na unyevu wakati wa kiangazi. Kwenye tambarare kavu za chini ya mji wa Moshi hautafanikiwa bila kumwagiliwa, na huko mwarobaini ni chaguo lenye akili zaidi. Usipandwe karibu na nyumba, tangi la maji au mabomba, kwa kuwa hukua mkubwa na mizizi yake hutafuta maji kwa bidii. Mche huzungushiwa kinga dhidi ya mbuzi katika miaka ya mwanzo. Baada ya hapo huachwa ukue, na gome la shina lisivunwe mpaka kipenyo cha shina kifikie sentimita 30.